Namna ya kulinganisha matumizi ya vyakula vya haraka kati ya makundi ya kipato

Anza kwa kuamua unauliza nini. "Nani hula zaidi vyakula vya haraka?" ni maswali matatu yaliyojificha katika moja: ni watu wangapi hula, hutumia fedha kiasi gani, na fedha hizo ni sehemu gani ya kipato chao. Majibu yake mara nyingi hupishana.

Tazama Marekani. Takwimu za taifa za afya za 2013 hadi 2016 zilionyesha kwamba katika siku moja, vyakula hivi vililiwa na 31.7% ya watu wazima wa kipato cha chini, 36.4% ya wale wa kipato cha kati na 42.0% ya wale wa kipato cha juu. Dhana kwamba hiki ni chakula cha maskini inaangukia hapo. Lakini takwimu za 2007 hadi 2010 zilipima sehemu ya kalori, na kwa wenye miaka 20 hadi 39 sehemu hiyo ilipungua kadiri kipato kilivyopanda. Licha ya tofauti ya miaka, vipimo vyenyewe si kitu kimoja: cha kwanza kinamhesabu sawa aliyekula chipsi kidogo na aliyeshinda siku nzima akila vyakula hivi.

Sasa panga makundi. Gawanya kipato cha kila kaya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wanakaya (kaya ya watu 4, gawanya kwa 2), zipange kuanzia ya chini hadi ya juu, kisha zikate katika mafungu matano yenye idadi sawa. Ukiruka hatua hii, fungu la chini litajaa wanaoishi peke yao, wengi wao wastaafu. Na umri una nguvu kubwa hapa: katika takwimu zilezile za 2013 hadi 2016, waliokula walikuwa 44.9% kwa wenye miaka 20 hadi 39, na 24.1% tu kwa wa miaka 60 na zaidi. Utadhani unaona athari ya kipato, kumbe ni uzee. Kwa hiyo linganisha vijana na vijana, wazee na wazee.

Kukusanya data, daftari la wiki moja linaloandikwa kila siku ni bora kuliko kumuuliza mtu alitumia kiasi gani mwezi uliopita, kwani soda na vitafunio vya njiani husahaulika kwanza. Ada ya kuletewa chakula iwe na safu yake. Usikubali kamwe safu moja ya "chakula cha nje ya nyumbani": inachanganya kaunta ya baga na mkahawa wa kukaa na kuhudumiwa, na wenye fedha hutumia sana kwenye huo wa pili.

Hesabu za wastani zinadanganya kwa sababu ya sifuri, yaani kaya ambazo hazikununua kabisa. Kaya 40 kati ya 100 zikitumia dola 30 kila moja, wastani wa kaya zote ni dola 12; kaya 20 zikitumia dola 60, ni dola 12 vilevile. Toa namba mbili daima: asilimia ya walionunua, na wastani wa walionunua.

Kisha sehemu ya kipato. Dola 20 kati ya 500 ni 4%. Dola 40 kati ya 2,000 ni 2%. Wa pili ametumia mara mbili, ila mzigo wake ni nusu.

Kwa mwelekeo wa miaka, ondoa kwanza kupanda kwa bei, ukitumia faharisi (kipimo cha mabadiliko ya bei) ya vyakula hivi na si ya bidhaa zote. Matumizi yakipanda 12% na bei 15%, gawanya 1.12 kwa 1.15: unapata 0.974, yaani kilichonunuliwa kimepungua kwa takriban 2.6%. Hapo angalia pia idadi ya manunuzi, maana mwenye kipato kidogo anaweza kuendelea kwenda mara zilezile huku akichagua pakiti ndogo, na fedha peke yake haitakuonyesha hilo.