Nyumba yenye nondo: panga njia ya kutokea kabla ya moto

Nyumba zetu nyingi mijini zimejengwa kwa kumwogopa mwizi. Dirishani nondo, mlangoni geti la chuma, na usiku kufuli hufungwa kwa ndani. Moto ukizuka saa nane za usiku, vyuma hivyohivyo ndivyo vinavyowafungia wenye nyumba. Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli huko Machakos, Kenya, wanafunzi 67 walikufa bwenini. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo.

Kwa hiyo anza na ufunguo. Uwe na msumari wake karibu na mlango, mahali ambapo mtu wa nje hawezi kuufikia kwa mkono, lakini kila aliye ndani anaweza kuupapasa gizani. Ukilala mfukoni mwa suruali ya baba, hautapatikana. Komeo kwa upande wa ndani ni bora kuliko kufuli. Kisha mwite fundi wa kuchomelea: kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo nondo zake zina bawaba na hufunguka kutoka ndani. Kama fedha inatosha jambo moja tu, liwe hili.

Haraka yote hii ina sababu. Hewa ya moto hupanda, hugonga dari, hutandaa, kisha moshi huanza kushuka na kujaza chumba kuanzia juu. Sponji la makochi na magodoro, pamoja na mapazia ya nailoni, huwaka kwa kasi kubwa. Katika majaribio yaliyofanywa Marekani, sebule yenye fanicha za kisasa ilishika moto yote kwa dakika chache, chini ya tano. Ile ya fanicha za zamani za mbao na pamba ilichukua karibu nusu saa. Joto la karibu na dari likifika nyuzi 600 hivi za Selsiasi, kila kitu chumbani huwaka kwa pamoja. Hata kabla ya hapo moshi huwa umeshaua: kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, haina harufu, na aliyelala anaweza asiamke kabisa. Kwenye nyumba za kupanga ambazo kuta za vyumba haziendi hadi paani, moto hupita juu ya dari na kuingia kwa jirani ambaye hajui lolote.

Laleni mmefunga milango ya vyumba. Mlango uliofungwa huzuia moshi na joto kwa muda wa kuokoa maisha. Unapotoka, uvute nyuma yako. Kabla ya kufungua mlango wowote, uguse kwa mgongo wa kiganja: ukiwa wa moto, tumia dirisha. Moshi ukishatanda, tambaa.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa sakafuni. Ukisikia harufu usiwashe wala kuzima taa. Funga mtungi, fungua milango, tokeni.

Amueni mapema nani anambeba mtoto mchanga na nani anamshika bibi mkono, kisha fanyeni mazoezi usiku, taa zikiwa zimezimwa. Watoto waambiwe wasijifiche chini ya kitanda wala kabatini, maana wanapoogopa ndiko wanakokimbilia. Chagueni mahali pa kukutana nje, mwembeni au kwa jirani, mhesabiane hapo. Aliyetoka asirudi ndani, si kwa simu, si kwa vyeti.

Mkishatoka, pigeni 114 kwa Tanzania, 999 au 112 kwa Kenya. Tajeni mtaa na alama inayojulikana, msikiti, shule au kituo cha daladala, na mtu mmoja akasimame barabara kuu kulielekeza gari la zimamoto.