Umepata sikwensi za uduvi makundi mawili? Cheki namti kwanza

Hii ni kwa nyie wa projekti za mwaka wa mwisho, mliowahi Feri, soko la samaki la Dar, alfajiri mkanunua uduvi mkapanda nao daladala na barafu ili mkasome COI, jeni ya mitokondria inayotumika kutambua spishi. Mimi yalinikuta, uduvi wa ndoo moja, sikwensi (yaani mfuatano wa herufi za DNA) zikajigawa makundi mawili, nikaanza kutamba kwamba spishi mpya itabeba jina la bibi yangu. Kumbe kundi la pili lilikuwa namti.

Namti ni kipande cha DNA ya mitokondria kilichohamia kwenye kiini cha seli zamani, mara nyingi pale kromosomu ilipokatika na seli wakati inaunga ikaokota kilichokuwa karibu. Jina walilitoa Lopez na wenzake mwaka 1994, wakisoma paka wa nyumbani. Kikishaingia humo hakina kazi tena, kwahiyo makosa yanajaa taratibu bila kuchujwa, ila praima zako (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha PCR, ile njia ya kunakili DNA, pa kuanzia) zikikiona kinanakiliwa tu.

Anza na kromatogramu, ule mchoro wa vilele ambao kila kilele ni herufi moja ya DNA. Vilele viwili vimepandana sehemu nyingi, au jeli uliyopimia PCR ina mistari miwili, basi tia shaka, japo inaweza pia kuwa uduvi wawili wamezama tyubu moja (hao wadogo wanagandana balaa).

Alafu tafsiri sikwensi iwe protini, na hapa ndo watu wengi wanapigwa. Kwenye programu badili kodi ya jenetiki, yaani kanuni ya kutafsiri kodoni (herufi tatu tatu) kuwa protini, iwe jedwali namba 5, la mitokondria ya wanyama wasio na uti wa mgongo. Ukibaki na ile ya kawaida, kila TGA itasomeka kituo (ishara ya kumaliza protini) wakati kwa mitokondria ya uduvi ni triptofani tu, asidi amino ya kawaida, utaona vituo kibao ulie bure! Na fremu nayo, yaani herufi ya kuanzia kuhesabu tatu tatu, kama umetumia praima za Folmer za 1994, ukishazikata unabaki na herufi 658 na usomaji unaanzia herufi ya pili. Baada ya hapo ukiona TAA au TAG katikati, au pengo la herufi moja au mbili, rudia kusoma kutokea upande wa pili, ikibaki vilevile hiyo ni namti.

Ila zipo namti changa ambazo hazina kituo hata kimoja, hizo ndo wajanja. Pale angalia tofauti zimekaa wapi, kwenye jeni hai nyingi zinaangukia herufi ya tatu ya kodoni, kwenye namti zinatapakaa kokote. Mwaka 2008 Song na wenzake walionyesha kwa panzi na kamba wa maji baridi kwamba namti zinafanya spishi zionekane nyingi kuliko zilizopo, kwahiyo sio wewe peke yako.

Dawa ya bei rahisi ni kuzimua DNA kabla ya PCR, maana nakala za mitokondria ni nyingi mno kwenye seli na namti ni chache, ukizimua zinapotea zenyewe. Tumia msuli wa mkia. Ikigoma buni praima zako, au anza na RNA kama maabara inaruhusu, maana namti kwa kawaida hazisomwi kuwa RNA.

Na sikwensi za namti usizifute, ziwekee folda yake, msimamizi ataziulizia.