Somo: Kurudisha kichaka cha asili kwenye shamba pori (usianze na miche)

Wakuu, ukipata shamba pori (lililoachwa bila kulimwa) la mikorosho hapa Newala ukataka kichaka kirudi, usikimbilie kitaluni. Mimi nilikimbilia. Jua la Septemba likaimaliza miche yote, kumbe chini ya nyasi visiki vilikuwa hai.

Hatua ya 1. Tafuta kichaka jirani ambacho hakijalimwa, mara nyingi ni penye makaburi ya zamani. Nenda na mzee anayejua miti. Andika majina anavyoyataja, ya Kimakonde na ya Kiswahili, na ubane jani kwenye daftari. Jina hubadilika ukivuka kijiji, jani halibadiliki.

Hatua ya 2. Kwa kamba, pima vipande vitano vya mita 10 kwa 10 shambani kwako. Usichague palipokupendeza tu. Hesabu visiki vinavyochipua, miche iliyojiotea, na mimea vamizi kama lantana na mwarobaini. Kipande kimoja usikiguse kabisa. Bila hicho hutajua kama kazi yako ndiyo iliyosaidia au ni mvua tu.

Hatua ya 3. Kisiki hai: kwenye kila kisiki bakiza machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, punguza matawi ya chini.

Hatua ya 4. Moto. Hapa ndipo wengi tunapofeli. Mvua zikiisha Mei, lima barabara ya moto (ukanda usio na nyasi wa kuzuia moto) mapema, nyasi zikiwa bado mbichi. Halafu zungumza na vijana wa samaki nchanga, yaani panya wa shambani wanaoliwa. Wanachoma ili wachimbe panya, hawana ugomvi na kichaka chako. Waonyeshe mpaka, ikibidi waachie upande mmoja wachimbe bila kuchoma.

Hatua ya 5. Kila mwaka, mwezi uleule, hesabu upya.

MASWALI

Mkuu, mti wa mkongo haupo kabisa kwangu. Nipande?
Huo panda, maana hauna kisiki. Toa kikofia chekundu cha mbegu, kwangua ganda kidogo upande wa pili, loweka usiku mmoja, panda mvua za Desemba zikishakolea.

Mikaratusi je? Inakua haraka.
Inakua, ila hicho hakitakuwa kichaka tena, ndugu yangu.

Shamba letu ni la kijiji, huku Kilwa.
Anzeni na mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake, na huko kwenu vipo vijiji vinavyouza mpingo kwa utaratibu huo. Waulizeni walivyopima mipaka na majirani. Hapo ndipo penye maneno.