Somo: Umetolewa kinundu cheusi usoni? Jinsi ya kukitunza kidonda mpaka kovu litulie

Somo hili ni la yule ambaye tayari ametolewa kile kinundu cha shavuni, puani au pembeni mwa jicho. Swali linaloulizwa kila mara ni "nipake nini lisibaki kovu?" Ngozi ikishakatwa mpaka tabaka la ndani, kovu litakuwepo tu. Kilicho mikononi mwako ni ukubwa wake na rangi yake.

Hatua ya 1: Jua ulichofanyiwa

Kuna waliokwanguliwa juu kwa juu kwa kisu au wembe wa daktari, kuna waliokatwa kinundu chote wakashonwa, na kuna waliochomwa kwa umeme au leza. Aliyekwanguliwa au kuchomwa ana kidonda wazi, ambacho kwa kawaida huziba ndani ya wiki moja hadi mbili, tatu kikiwa kikubwa. Aliyeshonwa usoni hutolewa nyuzi kati ya siku ya 5 na ya 7. Usikawize tarehe yako, maana uzi ukikaa sana huacha vidoadoa pande zote mbili za mshono.

Uliza pia kama kipande kilipelekwa maabara. Kinundu kilichokuwa kikikua, kubadilika rangi au kutoka damu chenyewe hakichomwi tu kikasahauliwa. Kwa mwenye ualbino hapo hakuna mjadala: kipande kipimwe.

Hatua ya 2: Osha, paka, funika

Siku ya kwanza kiache kikavu. Baada ya hapo osha kwa maji safi na sabuni isiyo kali mara moja au mbili kwa siku, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kisha funika kwa plasta ndogo. Endelea hivyo mpaka ngozi mpya izibe.

Hapa ndipo tunapogombana na wazazi wetu. Tumelelewa tukiambiwa kidonda kiachwe kipate hewa, kikauke, kifanye kigaga. Kumbe ngozi mpya hutambaa kutoka kingoni kwenda katikati, na kwenye unyevu hupita upesi. Ikikuta kigaga kikavu inabidi ipenye chini yake, na ukikibandua unaibandua na hiyo ngozi changa. Spiriti nayo huua vijidudu, lakini kila siku inachoma pia chembe zinazojenga. Dawa ya meno, majivu na unga wa vidonge vya antibiotiki sitavijadili.

Hatua ya 3: Kisikwaruzwe

Ukingo wa hijabu kwenye taya, mkanda wa kofia ngumu ya bodaboda, wembe wa ndevu, kucha za mtoto unayembeba: vyote hivi huchokoza. Hamisha, legeza, au pumzisha kwa muda.

Hatua ya 4: Jua, na mkorogo

Sisi wenye ngozi nyeusi tunaogopa keloidi, yaani kovu linalovimba na kuvuka mpaka wa kidonda, na ni haki. Ila usoni kinachotupata mara nyingi zaidi ni doa jeusi linalobaki baada ya kidonda kupona. Ngozi iliyochokozwa hutoa rangi nyingi, na jua linaiongezea. Kidonda kikiziba, anza losheni ya kuzuia jua ya SPF 30 au zaidi, na kofia pana. Doa hufifia lenyewe kwa miezi kadhaa.

Tatizo mtu hasubiri. Anakwenda dukani kununua krimu ya kung'arisha, na nyingi za uchochoroni zina zebaki, haidrokwinoni isiyo na kipimo au steroidi kali. Anaishia na doa kubwa kuliko kinundu alichokuwa nacho.

Hatua ya 5: Jeli ya silikoni

Hupakwa juu ya ngozi iliyoziba tu, kila siku, kwa miezi 2 au 3. Kwa kupunguza kovu, ndiyo yenye ushahidi wa maana. Mafuta ya vitamini E yana sifa kuliko kazi, na wengine huwapa upele. Kukanda taratibu kwa kidole kunaweza kuanza wiki 3 hivi baada ya kidonda kuziba.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama, Mwanza: Ni mwezi wa tatu, kovu limeinuka na linawasha. Ni keloidi?*

Angalia mipaka. Likiwa limevimba ndani ya mstari wa kidonda, huenda likashuka lenyewe. Kovu hujengeka na kubadilika kwa mwaka mzima au zaidi. Likivuka mpaka na kula ngozi ambayo haikuwa na kidonda, hasa kwenye taya au sikio, au kama kwenu keloidi zipo, muone daktari wa ngozi mapema. Kuna sindano ya steroidi inayochomwa ndani ya kovu, kwa kawaida kila baada ya wiki 4 hadi 6. Usikubali likatwe tu bila tiba nyingine, maana keloidi iliyokatwa peke yake hurudi mara nyingi, na huweza kurudi kubwa.

*Mwanachama, Tanga: Mimi nilitoa mwenyewe kwa chokaa na sabuni. Pamebaki shimo.*

Pole dada. Chokaa huunguza kwenda chini bila kujua pa kusimama. Shimo halijazwi kwa mafuta. Subiri ngozi itulie, kisha daktari ataona kama linafaa kurekebishwa. Na kwa kuwa hakuna kipande kilichopimwa, kikianza kuota kitu hapo usikawie.

*Mwanachama, Nairobi: Kilikwanguliwa, sasa naona nukta nyeusi katikati ya kovu.*

Hutokea, kwa sababu kukwangua huacha chembe za rangi chini. Mara nyingi si hatari, lakini mwonyeshe daktari nukta hiyo pamoja na majibu ya maabara ya mwanzo.

*Mwanachama, Dodoma: Harusi yangu iko wiki ijayo, nilichomwa juzi. Naweza kupaka vipodozi?*

Juu ya kidonda wazi, hapana. Mwambie mpambaji aruke hapo, na brashi ziwe safi.