Matunda kwa Mbwa Wadogo: Kipimo, Kokwa na Yanayopaswa Kuepukwa

Wafugaji wa mbwa wadogo jijini Mwanza, ambao wengi huwalisha ugali kwa dagaa, huwagawia pia matunda yanayobaki mezani. Jambo hilo halina ubaya iwapo kipimo kitafuata uzito wa mnyama. Vitafunwa vyote havipaswi kuzidi asilimia 10 ya nishati anayoihitaji kwa siku; kwa mbwa wa kilo 4, anayehitaji takriban kalori 250, hizo ni kalori 25 tu, sawa na gramu 28 hivi za ndizi mbivu, au gramu 80 za tikiti maji lisilo na mbegu wala ganda. Papai lililomenywa na kuondolewa mbegu linafaa pia. Chungwa la Ukerewe halidhuru likiwa kipande kimoja, ingawa mbwa wengi huligeuzia uso.

Embe ndilo linalotaka uangalizi zaidi. Nyama yake iliyokatwa vipande vidogo ni salama, lakini kokwa, hata ikiwa imetafunwa nusu, huweza kukwama kooni au kuziba utumbo, na hapo tiba huwa ni upasuaji. Wakati wa msimu, ua wenye mwembe ufagiliwe kila asubuhi, kwa kuwa maembe yanayooza chini huchachuka na kutoa kilevi.

Zabibu, ziwe mbichi au kavu, zisitolewe kabisa, kwani huharibu figo na hakuna kiasi kinachofahamika kuwa salama. Asidi ya tartariki ndiyo inayoshukiwa, na ukwaju unayo kwa wingi. Kwa hiyo anayetengeneza juisi ya ukwaju asimwage makapi mahali mbwa anapofika. Parachichi nalo liachwe: mafuta yake mengi huweza kusababisha uvimbe wa kongosho.

Mbwa akila zabibu au ukwaju, apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja, hata kama bado anachezacheza, kwa sababu kutapika huweza kuanza saa kadhaa baadaye na figo zikadhoofika ndani ya siku moja hadi tatu. Asinyweshwe maji ya chumvi ili atapike, maana chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwake. Mfugaji abebe mabaki ya alichokula, na amweleze daktari kiasi kilicholiwa, saa kilipoliwa na uzito wa mbwa.