Maji ya dawa ya kupe yaliyobaki kwenye ndoo: usimwogeshe nayo mbwa wala paka

Siku ya kuogesha ng'ombe, dawa ikibaki kwenye ndoo na mbwa yupo pembeni anajikuna viroboto, humwagiwa yeye. Paka akikamatika, naye hupakwa. Mfugaji anafanya hivyo kwa nia njema na kwa kubana matumizi, lakini kwa paka hatua hiyo inaweza kuwa kifo.

Dawa nyingi za kupe kwenye maduka ya pembejeo zina saipamethrini, deltamethrini au amitrazi. Ng'ombe huzistahimili zikichanganywa sawasawa. Ini la paka haliwezi kuvunjavunja sumu za jamii ya permethrini, zikiwemo saipamethrini na deltamethrini, kwa kasi inayotakiwa, hivyo kiasi kisichomsumbua mbwa hubaki mwilini mwa paka na kushambulia mishipa ya fahamu. Tena paka hujilamba: ulichompaka mgongoni kitaishia tumboni. Soma lebo, ukiona jina linaloishia na "thrin" na picha ya paka haipo, usimguse nayo. Amitrazi nayo si ya paka, na mwenye punda ajue kwamba huweza kumzibia matumbo.

Hata paka ambaye hajapakwa chochote anaweza kudhurika akilala ubavuni mwa mbwa aliyetoka kutiwa dawa. Kama ni matone ya permethrini ya kudondoshea mbwa shingoni, watenganishe siku tatu.

Kosa jingine ni vipimo. Watu hukoroga kwa kizibo cha soda "mpaka maji yawe meupe kama maziwa". Weupe huo haukwambii kitu, kwa sababu dawa kidogo tu huyafanya maji kuwa meupe, na ukizidisha mara tatu bado utaona weupe uleule. Amitrazi ya asilimia 12.5, kwa mfano, kwa ng'ombe kwa kawaida huchanganywa mililita 2 kwa kila lita ya maji. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ulitenge kwa kazi hiyo tu. Na tafadhali, usihamishie dawa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto hataijua, na daktari hatajua ni sumu gani.

Paka aliyedhurika huanza kuchezesha masikio, ngozi ya mgongo inarukaruka, anadondosha mate na kuyumba kama mlevi, kisha anatetemeka mwili mzima na kuingia kwenye degedege. Dalili huja baada ya saa chache, wakati mwingine kesho yake. Amitrazi humfanya mnyama asinzie sana, apoe mwili na mapigo ya moyo yapungue. Zile dawa za zamani kama diazinoni huleta mate, machozi, kuharisha na mboni za macho kuwa ndogo mno.

Ukiona hivyo, mpigie daktari wa mifugo mara moja. Kama mnyama hana degedege, vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, umwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, umsuuze vizuri, umkaushe na kumfunika asipate baridi. Usimnyweshe maziwa wala mafuta, hata kama jirani anasisitiza: mnyama anayetetemeka hupaliwa, na maziwa yakaingia mapafuni. Usimtapishe. Parasetamoli nayo ni sumu kwa paka. Nenda na chupa ya dawa au pakiti yake kwa daktari, maana tiba ya amitrazi si ile ya diazinoni.

Kuhusu viroboto wenyewe, wengi hawapo mwilini mwa mnyama. Mayai hudondoka anapolala, na buu hukulia kwenye vumbi, nyufa za sakafu na magunia. Ndiyo maana ukimpaka mbwa peke yake, wiki mbili baadaye viroboto wamerudi. Fagia anapolala kila siku, choma takataka, fua matandiko kwa maji ya moto na uyaanike juani. Paka na watoto wa mbwa wachane kwa kitana chenye meno ya karibu, ukikichovya kwenye maji ya sabuni kila unapomnasa kiroboto.

Changanya dawa ya kutosha kazi ya siku hiyo tu. Ikibaki, usiimwage karibu na kisima, mto au bwawa la samaki, kwani dawa hizi huua samaki hata kwa kiasi kidogo sana.