Ukifanya utafiti Ujerumani, hesabu miaka yako kabla hawajakuhesabia

Ndugu zangu mnaofanya sayansi na hisabati katika vyuo vikuu vya Ujerumani, na ninyi mlio mbioni kuja, leo nina jambo moja kubwa: sheria iitwayo WissZeitVG. Ndiyo inayosimamia mikataba ya muda ya wanasayansi, ipo tangu 2007, ikarekebishwa 2016, na ndiyo iliyonitoa kazini wakati fedha za kunilipa zipo, profesa ananitaka, na makala zangu bado ziko kwa wahakiki. Viza, bima ya afya, kujiandikisha makazi, kutazama chuo chako kimepangwa wapi kwenye anabin, hifadhidata yao ya kutambua vyuo vya nje: hayo mtayamudu, kila ofisi ina karatasi ya maelekezo. Hili la miaka halina karatasi ya maelekezo. Utaambiwa siku ya mwisho.

Sheria inasema hivi. Taasisi inaweza kukuajiri kwa mkataba wa muda kwa miaka 6 kabla ya shahada ya uzamivu na miaka 6 baada yake. Kwa fani ya tiba, baada ya uzamivu ni miaka 9. Muda ukiisha, ama wakupe ajira ya kudumu ama uondoke. Na ajira ya kudumu kwa asiye profesa ni adimu: ripoti ya kitaifa ya mwaka 2021 kuhusu watafiti chipukizi ilionyesha kuwa asilimia 92 ya wanasayansi wa vyuo walio chini ya miaka 45, ukiwatoa maprofesa, wako kwenye mikataba ya muda. Sisi tuliozoea kuwa mhadhiri msaidizi akithibitishwa kazini amekwisha kuthibitishwa, anakwenda masomoni kwa ruhusa na kurudi kwenye kiti chake, tunaingia huku na picha ile kichwani. Iondoeni.

Sasa mitego, na naomba msome polepole.

Miaka inahesabiwa nchi nzima. Ukitoka chuo kimoja kwenda kingine, ukaenda taasisi za utafiti za Max Planck, ukahamia za Helmholtz au Leibniz, saa ni ile ile. Kuhama mji hakuianzishi upya. Nimekutana na vijana wetu wengi wanaoamini kwamba kila mwajiri ana miaka 6 yake. Hapana. Narudia: hapana. Kinachobaki nje ya hesabu ni kazi uliyofanya nje ya Ujerumani, na ufadhili usio na mkataba wa kazi, kama ule wa wakfu wa Humboldt.

Mkataba wa nusu unakula mwaka mzima. Mtafiti wa maabara analipwa nusu mshahara au theluthi mbili, anafanya kazi mpaka usiku, na saa inatembea kana kwamba amelipwa wote. Sheria inasema kila ajira inayozidi robo ya muda wa kawaida wa kazi inahesabiwa. Robo kamili haihesabiwi. Ikizidi robo, imehesabiwa yote. Hapa ndipo nilipoumia. Kati ya mradi mmoja na mwingine nilipewa mkataba wa kusimamia mazoezi ya kalkulasi, asilimia 30 ya muda wa kazi. Fedha yake ilitosha kodi ya chumba tu. Miaka baadaye ofisi ya utumishi ya chuo kingine kabisa ikatoa faili, ikachomoa karatasi ile, ikaweka kidole kwenye tarehe mbili za juu, ikajumlisha kipindi chote. Asilimia 30 ilikuwa imekula sawa na asilimia 100. Asilimia 25 isingekula hata siku moja. Ukipewa mkataba wa kuziba pengo, uliza asilimia kabla ya kuuliza mshahara. Uliza asilimia. Wengi wenu mtakuja kuniambia mlisahau.

Mtego wa tatu uko nyumbani. Kama ulimaliza uzamivu kwa chini ya miaka 6, muda uliookoa unaongezwa kwenye miaka yako ya baada ya uzamivu, hata kama ulisomea Dar es Salaam, Makerere au Nairobi na hukuwa na mkataba wowote wa Kijerumani. Aliyetumia miaka 4 anaongezewa 2. Ni haki yako, lakini inahitaji ushahidi, na ushahidi wenyewe ni tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Mnajua mambo yetu: mtu anasajiliwa, msimamizi anasafiri, pendekezo linasubiri kikao cha kitivo, tasnifu inalala mezani kwa mtahini wa nje hadi vumbi linaikaa. Kila mwezi tasnifu inaposubiri utetezi unakupunguzia nyongeza huku. Kwa hiyo kabla hujapanda ndege, nenda kwa msajili wa taaluma ukachukue barua yenye tarehe ya usajili, tarehe ya utetezi, na kama uliahirisha masomo, kipindi cha kuahirisha kiandikwe wazi. Usimtume mdogo wako akaichukue baadaye. Atazungushwa dirisha hadi dirisha, na wewe huku ofisi imekupa wiki mbili.

Kuhusu watoto: kila mtoto wa chini ya miaka 18 unayemlea anaongeza miaka 2 kwenye ukomo. Watu wakisikia hivyo wanashangilia. Kinachoongezeka ni ukomo tu. Mkataba wenyewe hauongezeki, wala mwajiri halazimiki kukupa. Likizo ya uzazi na ya malezi ndiyo inayorefusha mkataba ukikubali mwenyewe, na hapo pia inategemea umeajiriwa kwa kifungu gani. Aliyeajiriwa kwa fedha za mradi hana haki hiyo. Angalia kifungu kilichoandikwa kwenye mkataba wako leo hii.

Tena kuna fedha za miradi, ambazo hapa wanaziita Drittmittel. Sheria inaruhusu kukuajiri kwa fedha hizo hata baada ya miaka yako kuisha. Profesa wangu alikuwa nazo, zilishaidhinishwa. Ofisi ikakataa, kwa kuwa vyuo vingi vinaogopa kwamba mahakama itauona mkataba huo una kasoro na kuwalazimisha wakupe ajira ya kudumu. Basi sheria inakuruhusu na woga wao unakutoa. Ukiona mkataba wako wa mwisho una walakini, unaweza kwenda mahakama ya kazi, lakini lazima ufungue shauri ndani ya wiki 3 tangu mkataba ulipoisha. Wiki 3, si miezi 3. Pitia kwanza chama cha wafanyakazi au baraza la wafanyakazi la chuo chako, na uende nao mapema.

Nitasema ninavyowaona wenyeji. Wajerumani ni watu wa haki iliyoandikwa: kilichoandikwa watakupa bila rushwa na bila kukufahamu, kisichoandikwa hata akulilie mtu hakitolewi. Naliheshimu hilo. Lakini wizara yao ya elimu na utafiti ilitoa video ya katuni ya mwanabiolojia aitwaye Hanna, ikieleza kwamba watu lazima wazunguke ili kizazi kimoja kisizibe njia ya kingine. Juni 2021 watafiti kwa maelfu wakajibu mtandaoni kwa jina IchBinHanna, yaani "mimi ni Hanna", wakieleza maisha yao. Mtu anayejua nadharia ya uwezekano kuliko wengi nchini, ana miaka 42, anaambiwa anaziba njia. Hilo silikubali na sitalikubali. Mageuzi ya sheria yalifika bungeni, yakakwama serikali ya mseto ilipovunjika Novemba 2024.

Na ndugu zetu nyumbani, msituumize zaidi. Mjomba akisikia "yuko chuo kikuu Ujerumani, ni daktari wa hisabati" anapanga karo za ukoo mzima na kuuliza kwenye kila msiba uprofesa unakuja lini. Mjomba, kwa heshima zote, huku hakuna ngazi ya kupanda kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi hadi profesa mshiriki ndani ya chuo kimoja. Kiti cha profesa kinatangazwa, kamati inakaa, wakaguzi wa nje wanaandika, orodha ya majina matatu inapangwa, na mara nyingi mwaka unapita kabla mtu hajaitwa. Aliyelelewa na chuo kile kile kwa kawaida hachukuliwi humo humo. Kusubiri huko hakuna uvivu ndani yake.

Sasa uwanja wako wa utafiti, kwa sababu saa ni moja kwa wote na fani hazifanani. Makala ya nadharia ya namba inaweza kukaa kwa wahakiki zaidi ya mwaka. Mwenzako wa sayansi ya kompyuta anawasilisha kwenye mikutano na kupata jibu ndani ya miezi. Mwanabiolojia anasubiri wanyama, mashine na vibali. Miaka 6 hiyo hiyo. Mwanahisabati apange makala zake akijua hilo: weka kazi arXiv, ile hazina ya wazi ya makala mtandaoni, siku unayoituma jaridani, ili kamati ione tarehe, chagua jarida kwa muda linaochukua pia, si kwa jina tu, na uwe na tatizo moja zito na mengine ya kumalizika njiani. Na wasikugawie Afrika. Nimeona kijana wa jiometri ya aljebra akisukumwa kidogo kidogo kwenye modeli za malaria kwa sababu tu ombi la fedha lingependeza. Kama malaria ndiyo moyo wako, ni hisabati nzuri na ngumu, fanya. Kama siyo, kataa kwa adabu, maana tangazo la kiti litaandikwa kwa jina la fani, na kamati itatafuta mtu aliyebobea humo.

Jingine kwa wanaotaka kurudi: wanahisabati huorodhesha waandishi kwa alfabeti. Jina lako likianza na W utakuwa wa mwisho daima, na kamati ya upandishaji vyeo nyumbani itakupa alama za mwandishi wa mwisho. Omba barua kwa waandishi wenzako inayoeleza desturi hiyo na mchango wako.

Nisiwe mchungu tu. Oberwolfach, ile taasisi ya hisabati kwenye Msitu Mweusi iliyoanzishwa 1944, ni mahali ningependa kila mwanahisabati wetu afike. Mezani, mifuko ya leso yenye majina huchanganywa kila mlo, na unajikuta umekaa na mtu ambaye nadharia yake umeifundisha. Anakuuliza unafanya nini na anasikiliza jibu. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi kabla ya kuuliza nimethibitisha nini. Nchi iliyojenga meza ile inaweza kuwatunza watu wake vizuri zaidi.

Namna ya kujipanga: mwaka wa pili baada ya uzamivu anza kuangalia viti vya W1, uprofesa mdogo wa miaka 3 na kisha 3 mingine, kwa kuwa maprofesa, hata hao, hawabanwi na ukomo huu. Tafuta vyenye njia ya kufikia ajira ya kudumu; mpango wa serikali wa 2016 ulilenga viti 1,000 vya aina hiyo. Mpango wa Emmy Noether wa DFG, shirika la Ujerumani la kufadhili utafiti, unafadhili viongozi wa vikundi kwa miaka 6, lakini kwa kawaida unaomba ndani ya miaka 4 tangu uzamivu. Huyo Noether mwenyewe, mwanamke mwanahisabati, alifundisha chuo cha Göttingen kwa jina la profesa Hilbert hadi 1919, akafukuzwa 1933, na leo kila mwanafunzi wa aljebra anakula matunda yake. Kama una nafasi nyumbani, usijiuzulu. Omba likizo bila malipo na uhuishe kila mwaka kwa maandishi.

Ufadhili unasimamisha saa, ila haukuchangii pensheni, na ukaazi wa kudumu kwa wenye ujuzi unadai miezi 36 ya michango pamoja na Kijerumani cha B1. Pima lipi linakubana zaidi.

Jiandikishe ofisi ya ajira miezi 3 kabla mkataba haujaisha, usije ukakatwa wiki ya malipo. Na kesho asubuhi iandikie ofisi ya utumishi barua pepe ya mstari mmoja: kwa hesabu yenu, miaka yangu inaisha tarehe gani, na mmejumlisha mikataba ipi? Jibu lao liwe la maandishi.